Zahanati inayouliza kwanza "unaumwa nini"

Zahanati ninayotaka kuisifu iko ndani ya Manispaa ya Mtwara Mikindani, na jina lake sitaliandika. Nesi wa pale anawahudumia vizuri watu ambao wengine wangependa wasihudumiwe kabisa, na sitaki sifa zangu zimletee maswali kesho asubuhi.

Mimi ni fundi cherehani, nashona Magomeni, na pia ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua watu kama sisi. Hatuna uwakili wala hatusimami mahakamani kumtetea mtu, ila tunaelekeza, tunasindikiza, tunasaidia kuandika barua na kusuluhisha. Wengi wanaonijia ni wanawake wa hapa hapa, mambo ya matunzo ya watoto na mirathi. Lakini tangu mashambulizi ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, yaanze pale Mocímboa da Praia, Oktoba 2017, wameongezeka wanaonijia wakitokea ng'ambo ya Ruvuma. Wapo waliopoteza nyumba kwa kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, wapo waliokimbia Palma ilipovamiwa Machi 2021. Wengine hawakukimbia chochote. Walifuata kibarua cha korosho, au walimfuata mume mvuvi, au wana shangazi yao Mtwara tangu enzi za babu. Wamakonde wako pande zote mbili za mto, wanaoana na kuzikana. Wanachokosa hawa ni makaratasi: pasi hawana, kibali cha ukaazi hawana, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, hawana, na wengine cheti chao cha kuzaliwa kiliungua pamoja na nyumba.

Kwa hiyo hapa ninazipima huduma za mji wetu kwa macho ya mtu ambaye akiambiwa "toa kitambulisho" hana la kutoa. Nimepita nao ofisi nyingi. Nyingine nitazigusa tu, zahanati nitakaa nayo.

Kuna binti wa miaka kumi na tisa hivi niliyempeleka akiwa mjamzito. Kazi yake ilikuwa kuparua samaki na kuanika dagaa Feri, analipwa kwa siku, na alipanga chumba kwa mama mmoja jirani yangu. Tumbo lilikuwa limeshakuwa la kila mtu kuliona, na kliniki hakuwa amekanyaga. Nilipomuuliza sababu, akaniambia, "Mama mkubwa, kule wanataka kadi ya Tanzania." Habari hiyo alipewa na mwenzake wa Feri, naye huyo alipewa na mwingine. Niliwafuatilia. Katika wote hao hakuna aliyewahi kufika dirishani akakataliwa. Woga peke yake ulitosha kuwaweka nyumbani, na mimba zinakua.

Tulikwenda mapema. Foleni huanza kabla jua halijachanganya, na ukifika saa nne ujue mchana utakukuta hapo hapo. Mabenchi ni ya mbao, kivuli kipo, maji ya kunywa yapo kwenye ndoo yenye koki. Mlinzi anaelekeza kwa upole, wajawazito na wenye watoto upande mmoja, wagonjwa wa kawaida upande mwingine. Dada wa mapokezi aliuliza jina, umri, mtaa anaoishi na jina la mwenyekiti wa mtaa. Kisha namba ya simu ya mtu wa karibu, nikampa yangu. Hakuuliza amezaliwa wapi. Hakuuliza kitambulisho. Alichouliza ni kama tumekuja na daftari, na hatukuwa nalo, tukanunua kwenye genge nje ya geti.

Nilisimama pale dirishani nikiangalia wengine wanaokuja nyuma yetu, maana nilitaka kujua kama tumependelewa kwa sababu mimi wananifahamu. Haikuwa hivyo. Mzee aliyetufuata aliulizwa yale yale. Kijana wa bodaboda aliyechubuka mguu hakuulizwa hata mtaa, alipitishwa moja kwa moja chumba cha vidonda.

Nesi wa kliniki ni mtu mzima. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anamalizia kuandika kwenye rejesta, halafu akainua macho akamtazama binti tumboni kabla ya usoni. "Mtoto anacheza?" Binti akajibu Kimakonde. Kimakonde chake ni cha Mueda, upande wa Msumbiji, cha Newala ya huku kwetu hakifanani nacho, na mtu aliyezaliwa huku anakitambua kwa sentensi moja. Nesi alikitambua. Akaendelea naye kwa lugha hiyo hiyo, wakaelewana, na mpaka tunatoka hakumuuliza alivukaje mto.

Akampima uzito, urefu na presha, akapima tumbo kwa utepe, akasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Damu ikachukuliwa kwa ajili ya wingi wa damu, kaswende, VVU na malaria. Akapewa vidonge vya kuongeza damu, akapewa dawa ya SP ya kukinga malaria na kuimeza pale pale nesi akimwona, akapewa chandarua. Kadi ya kliniki ikajazwa na tarehe ya kurudi ikaandikwa kwa kalamu nyekundu. Binti hajui kusoma Kiswahili vizuri, kwa hiyo nesi alimhesabia Jumatatu zilizobaki kwa vidole vyake, akamfanya azirudie kwa sauti.

Hatukulipa kitu. Sera ya taifa inasema huduma kwa wajawazito na watoto chini ya miaka mitano ni bure katika vituo vya umma, na kwenye chumba kile sera ilitekelezwa ilivyo, bila kuongezewa swali la uraia.

Siku nyingine nilikuwa pale na mama aliyekuja na mtoto wa miezi minane na kadi ya chanjo ya Msumbiji, imekunjwa mpaka imechanika kwenye mikunjo, maandishi yote ya Kireno. Nimeona ofisi ambako kadi kama hiyo husukumwa pembeni. Nesi aliifungua taratibu, akasoma tarehe, akalinganisha chanjo na ratiba yetu, ile ya kuzaliwa, ya wiki sita, kumi na kumi na nne, akahamishia kila kitu kwenye kadi mpya. Chanjo moja ilikuwa imerukwa, akamchoma siku hiyo. Akamwambia mama arudi mtoto akifika miezi tisa kwa ajili ya surua, na tena miezi kumi na minane. Kadi ya zamani akamrudishia. "Itunze hiyo," alimwambia, "ni ya mtoto."

Sasa kasoro, na naziandika kwa sababu naipenda zahanati hii.

Chumba cha kliniki kina pazia tu. Anayekaa benchi la kwanza anasikia kila jibu, na mtu anayejificha hupima sana nani anamsikia akitamka alikotoka. Fundi seremala mmoja na siku moja ya kazi vingemaliza hilo. Dawa nazo hupungua, hasa mwisho wa robo. Kuna wakati dawa mseto ya malaria ilikuwepo ya watoto tu, watu wazima wakaandikiwa wakanunue duka la dawa, na kwa anayelipwa kwa siku pale Feri hiyo ni hesabu ya chakula cha jioni.

Kasoro kubwa ni nyingine. Wema wote nilioueleza umekaa kwa nesi mmoja na dada mmoja wa mapokezi. Ukutani kuna tangazo la saa za kazi na la haki za mgonjwa, lakini hakuna mstari unaosema kwamba asiye na kitambulisho atahudumiwa. Nesi alipokwenda likizo akashika nafasi kijana mmoja, mpole kabisa, hana ubaya na mtu, ila akawa anawaambia wanawake wasio na kitambulisho warudi na barua ya mtaa. Hakuna aliyemwagiza hivyo. Hakuna pia aliyemwagiza vinginevyo. Wale wanawake hawakurudi na barua, walikaa nyumbani mpaka waliposikia nesi amerejea. Mmoja wao mimba haikumsubiri, alijifungulia chumbani kwa msaada wa bibi wa jirani, na alitoka damu nyingi kiasi kwamba jirani walimbeba usiku kwa bajaji. Alipona. Hata hivyo, siwezi kutoa nyota tano kwa huduma ambayo likizo ya mtu mmoja inaweza kuifunga.

Nyota nne, basi. Na zote nne ni za haki.

Rufaa ni habari nyingine. Yule binti wa Feri presha yake ilipanda mwezi wa mwisho, nesi akamwandikia kwenda kituo kikubwa zaidi, ambacho nacho sikitaji. Pale usajili ni wa kompyuta. Karani akafika kwenye sehemu ya namba ya kitambulisho, akasimama. "Mfumo haupiti bila namba, mama." Nikamwonyesha karatasi ya rufaa, nikamwonyesha kadi ya kliniki, nikamwonyesha presha iliyoandikwa. Akarudia kwamba mfumo haupiti. Miguu ya binti ilikuwa imevimba mpaka ndala hazimwingii. Akaja mhudumu mwingine, mama wa makamo, akainama juu ya meza, akaacha ile sehemu wazi, akabonyeza, ikapita. Nilimfuata baadaye kuuliza. Akaniambia sehemu ile haikuwa ya lazima tangu mwanzo, karani alifundishwa haraka na akaelewa kwamba ni ya lazima. Sina chuki na karani yule. Lakini wangapi wamegeuzwa pale na sehemu ambayo ingeweza kuachwa wazi? Binti alijifungua siku mbili baadaye, mtoto wa kiume, wazima wote.

Kuhusu cheti cha kuzaliwa cha mtoto huyo nina jambo la kueleza kwa urefu kidogo, maana watu wanaliogopa bila sababu. Siku hizi watoto chini ya miaka mitano husajiliwa na kupewa cheti bure kwenye vituo vya tiba na ofisi za watendaji wa kata. Sheria ya usajili inahusu kila mtoto anayezaliwa Tanzania Bara, awe mzazi ni nani. Na cheti cha kuzaliwa hakithibitishi uraia wa mtu, kinathibitisha kwamba mtoto fulani alizaliwa tarehe fulani mahali fulani kwa mama fulani. Kina mama wanaogopa kwamba wakisajili watakamatwa. Baadhi ya maofisa wanaogopa kwamba wakisajili watakuwa wamegawa uraia. Woga wa pande zote mbili unamwacha mtoto bila karatasi hata moja inayosema yupo, na miaka saba baadaye anakuja kukwama kwenye mlango wa darasa la kwanza. Mtendaji tuliyemwendea alisita, akapiga simu kwa mwenzake, akaandika. Nampa heshima yake.

Shule, nilipompeleka mtoto mwingine, sikupata shida kubwa. Elimu ya msingi haina ada na Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtoto, na imetaja hata kuwa mkimbizi au kuwa na hali nyingine yoyote. Nilikwenda na nakala ya kifungu hicho kwenye mkoba, sikuhitaji kuitoa. Mwalimu mkuu alitazama kadi ya kliniki ya mtoto, akamsikiliza shangazi yake ambaye ni Mtanzania, akamwandika. Alichosisitiza ni sare na mchango wa uji. Sare nilishona mwenyewe, kitambaa alitoa mwenye nyumba wao.

Maji hayana mjadala. Kwenye kioski unalipa ndoo, unajaza, unaondoka, hakuna anayeuliza ulizaliwa wapi, na ningependa kila dirisha la mji huu liwe hivyo. Laini ya simu ndiyo ngumu kabisa, kwa sababu usajili ni wa alama za vidole na namba ya NIDA, au pasi kwa mgeni mwenye pasi. Asiye na vyote hutumia laini ya mtu mwingine, na hapo ndipo malipo ya kibarua hupotelea kwenye simu ya tajiri. Hilo haliko kwenye uwezo wa manispaa, nalitaja tu ili lijulikane.

Ofisi ya mtaa ndiyo iliyonifikirisha kuliko zote. Mwenyekiti wa mtaa tuliyemwendea ni mzee anayeheshimika, amechaguliwa na watu, anajua kila nyumba na kila mpangaji. Ana daftari la wakazi. Daftari hilo hilo ndilo linalomwezesha kuandika barua ya utambulisho kwa ajili ya hospitali, shule, mkopo, hata dhamana ya polisi. Mzee huyo huyo pia ni mtu wa ulinzi na usalama wa mtaa. Nilipomwomba amwandike binti kama mkazi, alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Mwanangu, nikiandika jina lake hapa, nimemtambulisha au nimemshitaki?"

Anajua anachokisema. Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, inamhesabia kosa anayemhifadhi mtu aliyeingia nchini kinyume cha sheria. Na hofu ya usalama huku kwetu si ya kubuni. Kijiji cha Kitaya, mpakani hapa mkoani Mtwara, kilivamiwa Oktoba 2020, watu wakauawa, nyumba zikachomwa moto, na wapo wateja wangu wenye ndugu waliozikwa kule. Mwaka uliofuata shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilieleza kwamba maelfu ya watu wa Msumbiji waliokuwa wamevuka kuja kwetu walirudishwa kupitia kituo cha mpakani cha Negomano. Mzee aliona malori, hakuhitaji kusimuliwa. Siwezi kumlaumu kwa kusita. Alichofanya mwisho wake ni kuandika barua fupi isiyosema binti ni raia wala si raia: inasema anaishi mtaani kwake, nyumba ya fulani, na anaomba ahudumiwe. Akagonga muhuri. Ni barua ya kweli kila neno, na ilikubaliwa kila tulipoipeleka.

Barua hiyo nimeifikiria sana, kwa sababu ndani yake kuna kila kitu ambacho miji mingine duniani imehangaika kukipata. Barcelona kuna daftari la wakazi la manispaa. Sheria ya Hispania ya mwaka 1985 inaitaka kila halmashauri iandike kila mtu anayeishi ndani ya mipaka yake, awe na kibali cha kukaa au hana, na Barcelona inawaandika hata wasio na nyumba ya kudumu. Ukishaandikwa unathibitisha jambo moja tu, kwamba unaishi hapo, na kwa uthibitisho huo unafuata daktari na shule ya mtoto. Daftari hilo halina tofauti kubwa na la mzee wetu. Tofauti ni kwamba karani wa Barcelona hajiulizi kama anamshitaki mtu, sheria imeshamjibu.

New Haven, mji mdogo wa Connecticut huko Marekani, ulikuwa wa kwanza nchini humo kutoa kitambulisho cha mji kwa kila mkazi, mwaka 2007. Madiwani walipitisha mpango huo Juni 4. Siku mbili baadaye maofisa wa uhamiaji wa serikali kuu waliingia mjini na kukamata watu majumbani. Mji haukurudi nyuma, Julai kadi zikaanza kutolewa na foleni ilikuwa ndefu. New York nao walianza Januari 2015, kadi yao ikawa inakubalika maktaba na kwenye shule mzazi anapokwenda kumwona mwalimu. Mwanzoni jiji lilikuwa linaweka nakala za nyaraka za waombaji. Uchaguzi wa rais wa 2016 ulipobadilisha upepo wakaona hatari kwamba serikali kuu ingezitumia kuwasaka wahamiaji, wakaacha kuziweka, na mwaka 2017 jaji akaamua kwamba jiji linaweza kuziharibu zile za zamani. Habari hizi niliziandika kwenye daftari langu nilipozisoma kwa mara ya kwanza, na kila nikipita mapokezi ya zahanati yetu nakumbuka: jina, umri, mtaa. Rejesta ile haina safu ya uraia. Isije ikaongezwa.

Nimesikia jirani zangu wakisema dawa zenyewe hazitutoshi, tukigawana na wageni itakuwaje. Ni swali la mtu aliyewahi kukosa dawa ya mtoto wake, nami siwezi kulidharau. Ninachowajibu ni kile nilichokiona. Mtoto aliyekosa chanjo ya surua analala chumba kimoja na wapangaji wenye watoto wetu, wanachangia choo na uani. Malaria ya mwenye chumba cha uani inasafiri kwa mbu mpaka kwa mwenye nyumba. Na yule mwanamke aliyejifungulia chumbani alipobebwa usiku alitumia damu na dripu na wahudumu wengi kuliko ambavyo kliniki ingemtumia miezi yote tisa. Dawa zikipungua, tuidai bohari ilete zaidi, na idadi ya watu tunaoiombea iwe idadi ya kweli ya wanaoishi hapa.

Huku kusini si jambo jipya pia. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO, chama kilichopigania uhuru huo, walikuwa na hospitali hapa hapa Mtwara, majeruhi wakivushwa Ruvuma na kutibiwa. Lindi kulikuwa na makazi ya wakimbizi pale Rutamba katika miaka ya sitini. Mama yangu mzazi anakumbuka kuuza ming'oko kwa vijana waliokuwa na bandeji, na hakuwahi kunisimulia kwamba kuna aliyewauliza karatasi.

Ninachokiomba manispaa ni kidogo, na kiko ndani ya uwezo wake. Kibali cha kukaa nchini manispaa haiwezi kutoa, hiyo ni kazi ya Uhamiaji, na ninayemsindikiza humwambia hivyo waziwazi, pia humwelekeza aliko anayeshughulika na maombi ya hifadhi. Lakini zahanati ni za manispaa. Shule za msingi ni zake. Masoko, vyoo vya umma, uzoaji taka, ni vyake. Mkurugenzi na mganga mkuu wa manispaa waandike waraka wa nusu ukurasa: kila anayeishi katika mitaa yetu ahudumiwe kwa jina, umri na mtaa wake, asiye na kitambulisho asirudishwe, na rejesta ya wagonjwa isitoke nje ya idara ya afya ila kwa amri ya mahakama. Ubandikwe dirishani, Kiswahili, na chini yake Kimakonde na Kireno. Huduma na ukaguzi vikishonwa pamoja kama nguo moja, walengwa hawataivaa, na askari naye hatampata anayemtafuta, kwa sababu mwenye nia mbaya haji kupanga foleni ya kupimwa wingi wa damu. Waraka huo ungemlinda pia yule kijana wa likizo, asingelazimika kubuni masharti kwa hofu ya kukosea. Ungemlinda mzee wa mtaa na muhuri wake.

Kwa mwenye kumsindikiza mtu, kwenye zahanati hii au nyingine ya mji huu, nendeni kabla ya saa mbili, na Jumatatu iepukeni kama hali inaruhusu kwa sababu ndiyo siku inayojaa. Bebeni daftari na kalamu, na kadi yoyote ya kliniki ya huko alikotoka hata kama imechakaa. Jueni jina la mwenyekiti wa mtaa, na namba ya simu ya mtu atakayepokea usiku. Mjamzito aende na mwenzi wake ikiwezekana, maana hudhurio la kwanza wote wawili hupimwa. Mkiambiwa leteni kitambulisho, msiondoke wala msigombane. Ombeni kumwona mganga mfawidhi, mwelezeni hali ya mgonjwa kabla ya kueleza habari za karatasi, na mkikwama kabisa mtafuteni msaidizi wa kisheria wa kata yenu. Huduma yetu hailipiwi.